Bastola ya Fataki Iliyogeuzwa Kuwa ya Risasi: Jibu kwa Msomaji wa Ohio

Swali la msomaji, kwa ufupi: Msomaji wetu anayeishi Ohio, Marekani, anaeleza kwamba mke wake amerithi bastola ya silinda kutoka kwa bibi yake. Mtutu una pembe nane na urefu wa inchi 7½, na juu yake pamegongwa maneno ADDRESS COL. SAML COLT NEW-YORK U.S. AMERICA. Silinda ina matundu sita, na ukiiinamisha kwenye mwanga unaona picha hafifu ya merikebu. Namba inayoanzia 127, yenye tarakimu sita, imo kwenye mtutu, kwenye fremu na kwenye kinga ya triga, lakini kwenye silinda haisomeki. Nyuma ya silinda kuna bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu mbili, lenye kilango kidogo upande wa kulia. Ndani ya kilango pamegongwa tarakimu 7, na hiyo hiyo imo nyuma ya silinda. Ncha ya nyundo ina mdomo mwembamba bapa, na chini ya mtutu ule mdeki wa kushindilia bado upo. Ndani ya sanduku lilipatikana ganda moja la shaba lenye herufi H kwenye kitako na alama ya kugongwa pembeni. Familia inasema babu wa bibi aliibeba bastola hii katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Msomaji anauliza ni bastola gani, nani aliigeuza, lini, kama inaweza kupigwa, na kama anaweza kwenda nayo kwao Tanga.

Jibu:

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa maelezo ya makini na kwa vipimo, kwa kuwa wengi huniletea picha moja ya upande wa kushoto na kuniuliza bei. Nianze na jambo ambalo lazima lifanyike kabla ya mengine yote. Hakikisha bastola hiyo ni tupu. Elekeza mtutu mahali salama, vuta nyundo nusu, kisha zungusha silinda polepole kwa mkono huku ukitazama kila tundu kupitia kilango kile cha kulia. Ukiona tundu lolote limezibwa, au silinda ikikataa kuzunguka, usilazimishe. Ipeleke kwa fundi bunduki ikiwa hivyo hivyo, na umweleze kabla hujaitoa mfukoni. Bastola za umri huu hukutwa zimejaa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Sasa niingie katika utambuzi wenyewe. Mwili wa bastola yako ni Colt ya muundo wa mwaka 1851, ile inayojulikana kwa jina la Navy, yaani jeshi la majini, iliyotengenezwa na kampuni ya Colt huko Hartford katika jimbo la Connecticut. Merikebu unazoziona kwenye silinda ni mchoro wa Waterman Ormsby, unaoonyesha mapambano ya tarehe 16 Mei 1843 kati ya meli za Texas, ambayo wakati huo ilikuwa jamhuri inayojitegemea, na meli za Mexico. Jina la Navy limetokana na mchoro huo na kipenyo cha mtutu, si kwamba kila bastola ya aina hii ilipita mikononi mwa mabaharia. Hartford walitoa takriban 215,000 za aina hii kati ya 1850 na 1873, na namba inayoanzia 127,000 huangukia mwaka 1862. Anwani iliyogongwa juu ya mtutu inakubaliana na namba hiyo. Bastola za mwanzo ziliandikwa New York City, zikafuatiwa na kundi lililoandikwa Hartford, na kuanzia karibu na namba 101,000 hadi mwisho ndipo yalipotumika maneno uliyonayo wewe. Hapa namba na anwani, mashahidi wawili ambao hawakupangwa pamoja, wanasema jambo moja, na mimi huanza kuamini silaha pale tu ninapoona hivyo.

Ilipotoka kiwandani, bastola hii haikuwa na bamba wala kilango. Wasomaji waliokulia mashambani wataielewa haraka nikisema kwamba ilifanya kazi kama gobole, ila yenye vyumba sita vinavyozunguka. Katika kila tundu la silinda mtu alimimina baruti kutoka mbele, akaweka kipande cha risasi ya mviringo, akakishindilia kwa ule mdeki ulioshikizwa kwa bawaba chini ya mtutu, kisha nyuma ya kila tundu akavika fataki, yaani kikofia kidogo chenye dawa ya kuwashia, kwenye chuchu yake. Nyundo iligonga fataki, moto ukapita kwenye chuchu ukaifikia baruti. Matundu hayakutoboka moja kwa moja. Upande wa nyuma yalizibwa na ukuta wa chuma wenye njia nyembamba ya moto tu. Ukikumbuka jambo hilo, kila badiliko lililofanywa kwenye bastola yako litajieleza lenyewe.

Risasi kamili, yenye ganda la shaba, baruti na kiwashio ndani yake, haiwezi kuingizwa katika silinda iliyozibwa nyuma. Lazima matundu yatobolewe kutoka mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo sheria ilipoingilia ufundi. Tarehe 3 Aprili 1855 Rollin White alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, iliyohusu silinda yenye matundu yaliyotoboka hadi nyuma. Kampuni ya Smith na Wesson iliingia naye mkataba wa kumlipa senti 25 kwa kila bastola, na mwaka 1857 wakatoa bastola yao ndogo ya kipenyo cha .22, yaani sehemu 22 za mia za inchi. Tangu hapo mtengenezaji mwingine yeyote wa Marekani aliyetaka kutoa bastola ya namna hiyo alilazimika kuwalipa au kukabiliana na mahakama. Colt, waliokuwa kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, waliendelea kutoa bastola za fataki muda wote wa vita na miaka kadhaa baadaye. Hataza ya White ilimalizika Aprili 1869. Alijaribu kuiongezea muda kupitia bunge la Marekani, muswada ukapita, lakini Rais Ulysses Grant aliukataa Januari 1870. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi kwa viwanda na kwa mafundi wa mitaani pia.

Kabla mlango haujafunguka, Colt walijaribu kupita dirishani. Mwaka 1868 walisajili mbinu ya mfanyakazi wao Alexander Thuer, ambamo risasi ya ganda jembamba lisilo na ukingo iliingizwa kutoka mbele ya silinda kama ile ya zamani, nyuma yake pakiwa na pete maalumu iliyogongwa tarehe ya Septemba 15, 1868. Nimeitaja kwa sababu watu wengi wakiona pete au bamba nyuma ya silinda ya Colt husema mara moja kwamba ni ya Thuer. Yako si hiyo. Mbinu ya Thuer haina kilango cha upande wa kulia kwa sababu haikihitaji, na risasi yake iligongwa katikati, si ukingoni.

Ganda lile la shaba ndilo shahidi wako wa thamani, na ninakuomba usilisafishe wala usilitenganishe na bastola. Risasi za siku hizi za bastola kubwa zina kiwashio cha mviringo katikati ya kitako, lakini katika aina ya kale zaidi hakuna kitu kama hicho. Kitako kilikuwa laini, na dawa ya kuwashia ilisambazwa ndani ya ukingo uliokunjwa kuzunguka kitako chote. Nyundo ilipoubana ukingo huo dhidi ya chuma cha silinda, dawa ilishtuka ikawaka. Ganda lilipaswa kuwa laini ili ukingo ubonyee, kwa hiyo lilitengenezwa kwa shaba nyekundu, na likishapigwa halikuweza kujazwa tena. Risasi ndogo za .22 zinazotumiwa hadi leo kwa mazoezi ya shabaha hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Herufi H kwenye kitako ni alama ya Winchester, waliyoiweka kwa heshima ya Benjamin Tyler Henry, fundi aliyekuwa nyuma ya bunduki ya Henry. Alama ya kugongwa pembeni, unayosema ni ndefu na bapa, inalingana na umbo la ncha ya nyundo yako. Kwa hiyo sihitaji kubahatisha. Bastola hii ilipiga risasi zinazowashwa ukingoni, na bila shaka ganda hilo lilipigwa na nyundo hiyo au na nyingine iliyochongwa kwa namna ile ile.

Utaniuliza inakuwaje bastola ya kipenyo cha .36, kama Navy yako, ikapiga risasi inayoitwa .38, kama ya ganda lako. Jibu limo katika namna watu wa zamani walivyopima, na limewachanganya hata wauzaji wenye uzoefu. Namba .36 ilihesabiwa kwenye tundu la mtutu kabla ya kukatwa mifereji yake ya ndani. Ukipima kutoka chini ya mfereji mmoja hadi chini ya mwingine utapata karibu inchi .375 au zaidi kidogo, yaani takriban milimita 9.5. Risasi ya .38 ya wakati ule ilikuwa na kichwa chenye upana uleule wa ganda lake, huku sehemu yake ya nyuma ikiwa imepunguzwa kama kisigino ili iingie ndani ya ganda. Kichwa hicho cha karibu .375 kiliujaza mtutu wa Navy vizuri kabisa. Fundi hakulazimika kubadili mtutu hata kidogo. Ilimtosha kushughulikia silinda, nyundo na sehemu ya nyuma, na hiyo ni sababu kubwa iliyofanya Colt za .36 zigeuzwe kwa wingi baada ya vita, wakati bastola za fataki zilipojaa madukani kwa bei ya kutupa na kila mtu akitaka za risasi.

Tufike kwenye swali lako gumu zaidi, kwamba nani aliigeuza. Colt wenyewe waligeuza bastola nyingi katika miaka ya 1870, baadhi kutoka vipuri vya fataki vilivyobaki ghalani na baadhi kutoka bastola zilizorudishwa. Walitumia mbinu za wahandisi wao wawili, Charles Richards, aliyepewa hataza tarehe 25 Julai 1871, na William Mason, aliyepewa yake tarehe 2 Julai 1872. Navy zilizogeuzwa kiwandani zinakadiriwa kuwa karibu 3,800, zikiwamo za kuwashwa ukingoni na za kuwashwa katikati. Bila shaka ungependa yako iwe mojawapo, kwa kuwa wakusanyaji huzithamini. Kwa maelezo uliyonipa, naamini siyo, na nitakueleza kwa nini.

La kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni ule mdeki. Bastola ya risasi haina haja ya kushindiliwa. Haja yake ni kijiti cha kusukumia maganda yatoke nje, kwa sababu ganda la shaba laini likipigwa hutanuka na kung'ang'ania tundu. Kiwanda kilipogeuza Navy kiliuondoa mdeki, kikaziba nafasi yake, kikafunga upande wa kulia wa mtutu mrija wenye kijiti na springi. Yako imeachiwa mdeki ambao hauna tena kazi. Mwenyewe alilazimika kutoa maganda kwa kipande cha waya au kijiti cha mbao, au aondoe kabari inayoshika mtutu, achomoe mtutu na silinda, ayasukume mezani. Kiwanda kisingeuza kitu cha namna hiyo. Fundi wa mtaani, aliyeombwa kazi ya bei nafuu, angeweza kuiacha hivyo bila aibu yoyote, na mteja wake angeridhika.

La pili ni bamba lenyewe. Kiwandani, ukuta wa nyuma wa fremu ulikatwa kwa mashine na bamba likakaa ndani yake kana kwamba limezaliwa hapo. Lako, kama ulivyoandika, limeshikwa kwa skrubu mbili ambazo haziko sambamba, na kwenye ukingo wake wa chini kuna mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Hiyo ni alama ya tupa ya mkono. Tazama pia meno yaliyo katikati ya nyuma ya silinda, yale yanayosukumwa na kidole cha ndani ili silinda izunguke. Fundi alipokata sehemu ya nyuma yenye chuchu za fataki alilazimika kuyabakiza meno hayo au kuyachonga upya. Ukiona jino moja ni nene kuliko jirani yake, au pembe zake hazifanani, hayo yamechongwa kwa mkono na mtu aliyekuwa akipimia kwa jicho.

Kutokuwapo kwa tarehe za hataza za 1871 na 1872 upande wa kushoto wa fremu kunaelekea upande huo huo, lakini jambo hilo silipi uzito mkubwa, kwa kuwa hata kiwandani zilikuwapo fremu zilizobaki na maandishi ya zamani ya COLTS PATENT. Namba yako kamili ya tarakimu sita, isiyo na namba ya pili iliyoongezwa, nayo inafaa zaidi kwa bastola iliyogeuzwa nje. Navy ambazo kiwanda kilizitoa zikiwa zimegeuzwa na kuuzwa kama mpya zilipewa mfululizo wake wa namba, ulioanza tena kutoka chini.

Kisha kuna ile tarakimu 7, ambayo imenivutia kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Wewe uliidhania kuwa ni namba ya mfano. Mimi naisoma kama alama ya kukutanisha vipuri. Fundi anayegeuza bastola moja peke yake haoni haja ya kugonga namba, kwa sababu vipuri vyote mezani ni vya bastola ileile. Anayegonga 7 kwenye kilango na tena kwenye silinda ana bastola nyingine mbele yake, na anaogopa silinda iliyorekebishwa kwa bamba hili isiangukie bamba lingine. Hiyo ndiyo sababu ninaamini bastola yako haikugeuzwa na mkulima ghalani kwake, bali katika karakana iliyokuwa ikifanya kazi hii kwa mafungu. Ukiifungua, angalia kama 7 imo pia kwenye mhimili unaopita katikati ya silinda na chini ya mdomo wa nyundo. Ikiwa imo, neno langu litakuwa na nguvu zaidi. Kwa kufungua, kumbuka kwamba kabari ya mtutu inasukumwa kwa kipande cha mti mgumu au plastiki, kamwe si kwa nyundo ya chuma, na bisibisi lazima ijae kwenye mfereji wa skrubu.

Nilifikiria pia uwezekano mwingine wa aina mbili, kwamba bastola ni nakala. Liège, Ubelgiji, palitengenezwa nakala nyingi za Colt, baadhi kwa ruhusa na nyingi bila ruhusa, na baadhi yake zilikuja kugeuzwa vilevile. Hizo huwa na alama ya majaribio ya Liège, yaani herufi ELG ndani ya duara refu, ambalo liliongezewa taji juu yake mwaka 1893. Na tangu katikati ya karne ya 20 Waitaliano wa bonde la Val Trompia wametoa nakala nzuri mno za Navy, zikiwamo zenye muundo wa zilizogeuzwa. Hizo hubeba mihuri ya majaribio ya Italia na herufi za mwaka ndani ya kisanduku kidogo, na mara nyingi maneno yanayoonya kwamba itumike baruti nyeusi tu. Hukuziona alama hizo, na umenieleza kwamba uchakavu wa ndani ya mtutu unalingana na wa nje, kitu ambacho wanaochakaza nakala kwa makusudi huwa hawakifikii. Hata hivyo tafuta tena kwa tochi iliyolazwa pembeni, hasa chini ya mtutu, penye mdeki, na kwenye fremu chini ya silinda.

Kuhusu namba isiyosomeka kwenye silinda, usihuzunike. Namba hiyo iligongwa juu juu pamoja na mchoro wa merikebu, na sehemu hiyo husuguliwa na mkoba wa ngozi kila siku bastola inapotolewa na kurudishwa. Kuwapo kwa merikebu zenyewe kunatosha kuonyesha kwamba fundi alitumia silinda ya Colt, akaikata nyuma na kuitoboa, badala ya kukereza mpya. Kama unaweza kutambua tarakimu mbili za mwisho tu, zilinganishe na namba za fremu. Zikilingana, basi silinda hiyo haijawahi kutengana na mwili wake tangu 1862.

Sasa historia ya familia. Siipuuzi, lakini lazima nikueleze sehemu inayosimama na sehemu isiyosimama. Bastola ya 1862 ingeweza kabisa kuwa kiunoni mwa askari wa Ohio. Jeshi lilinunua Navy kwa wingi, na askari na maofisa wengi walijinunulia zao. Lakini kama babu huyo alipigana nayo, alipigana nayo ikiwa ya fataki. Vita vilikwisha 1865, na kugeuza silinda kuwa ya kutoboka nyuma kulikuwa kinyume cha sheria, bila ruhusa ya wenye hataza, hadi 1869. Kwa hiyo ile simulizi kwamba alipiga risasi za shaba vitani haiwezi kuwa kweli kwa bastola hii, ila simulizi kwamba alikuwa nayo vitani inaweza kuwa kweli. Kama familia ina karatasi za pensheni au za kikosi chake, zihifadhi pamoja na bastola. Ukiuliza lini iligeuzwa, mimi naiweka katika miaka ya 1870. Kabla ya hapo sheria ilizuia, na kadiri muongo huo ulivyosonga risasi za kuwashwa katikati zilizidi kushika soko, kwa hiyo fundi aliyegeuza bastola baadaye sana angekuwa na sababu ndogo ya kuchagua ukingo.

Je, inaweza kupigwa? Hapana, na sitaki uache nafasi yoyote katika jibu hilo. Chuma cha fremu na silinda ni cha miaka ya 1860, kilikadiriwa kwa baruti nyeusi, na silinda imetobolewa na kupunguzwa na mtu ambaye hatujui alibakiza unene gani kwenye kuta. Zaidi ya hapo, silinda ya awali ilikuwa na vijipini kati ya chuchu, ambapo nyundo ingeweza kupumzika bila kugusa fataki. Vimeondoka pamoja na sehemu iliyokatwa, kwa hiyo nyundo ikishushwa, mdomo wake unakaa juu ya ukingo wa risasi yenyewe, na pigo dogo linaweza kuiwasha. Na kuna hatari moja ambayo watu hawaioni. Kwa kuwa maganda ya .38 ya leo yana upana unaokaribiana sana na ya zamani, baadhi ya risasi za dukani zinaweza kuteleza ndani ya matundu hayo. Mtu akiona zimeingia atadhani zinafaa. Risasi hizo zina baruti ya kisasa yenye nguvu ambayo silinda hii haikuandaliwa kwayo. Waambie hivyo watoto na shemeji zako wote wanaoingia chumba hicho.

Katika utunzaji, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha paka mafuta mepesi ya bunduki, kidogo sana, na uifute tena. Usitumie msasa, usitumie dawa ya kung'arisha shaba kwenye kinga ya triga, maana chini ya weusi huo yanaweza kubaki mabaki ya rangi ya fedha iliyopakwa kiwandani. Usiiweke ndani ya mkoba wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Kuna fundi atakayekushauri aondoe bamba na mdeki ule usio na kazi, atafute silinda ya fataki, arejeshe bastola iwe Navy ya 1862. Mkatalie. Navy za fataki zipo kwa maelfu. Zilizogeuzwa na karakana moja kwa tupa na jicho, zikabaki na ganda lake la shaba na alama yake ya 7, ni chache, na mtu akiondoa bamba hilo ataondoa kitu pekee kinachotueleza maisha ya bastola hii baada ya vita.

Mwisho, safari ya Tanga. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale, na haifuati masharti mengi ya silaha za kawaida, ingawa majimbo yana sheria zake na unapaswa kuuliza za Ohio kabla ya kuiuza au kuibeba. Usidhani kwamba nafuu hiyo inavuka bahari pamoja nawe. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kuingiza silaha nchini kunahitaji kibali cha maandishi kabla haijafika, si maelezo mbele ya afisa wa forodha ukiwa umeshika begi. Ushauri wangu ni kwamba bastola ibaki Ohio na wewe uende nyumbani na picha zake kubwa, zilizopigwa kwa mwanga wa pembeni, pande zote mbili, pamoja na ganda lile likiwa limewekwa kando ya rula. Nakala za picha hizo nitumie na mimi, hasa ya meno ya silinda na ya mhimili, ili tuone kama ile 7 imejirudia mara ya tatu.